Kuifanya programu ya desktopu iwe sevisi: anza na akaunti, komandi baadaye

Watu wengi wakiniuliza kuhusu hili wanataka komandi, nipe komandi ya kuifanya hii programu iwe sevisi, yaani ikimbie chinichini yenyewe hata kama hakuna aliyelogin, niiweke nikalale. Komandi zipo na nitazitaja, ila kwa uzoefu wangu hiyo ndo sehemu rahisi kuliko zote, kinachosumbua ni kwamba programu ya desktopu imeandikwa ikiamini kuna mtu yupo mbele ya skrini, amelogin, ana folda zake na settingi zake na diski zake za mtandao, na sevisi haina hata kimoja kati ya hivyo mpaka uipe wewe.

Kabla ya yote angalia kama programu yako tayari ina namna ya kukimbia bila dirisha, maana nyingi zinayo na watu hawajui. LibreOffice ukiiwasha na --headless --convert-to pdf inabadilisha mafaili kuwa PDF bila kufungua dirisha lolote. Kwa programu za torrent, Transmission ina transmission-daemon, qBittorrent ina qbittorrent-nox, hizo zimetengenezwa zikae chinichini na unaziendesha kwa brauza. Kama yako inayo, tumia hiyo na nusu ya matatizo ya hapa chini hutayaona kabisa.

Kama haina, na uko Windows, elewa kitu kimoja vizuri sana. Tangu Windows Vista sevisi zote zinakaa session 0, na mtu anayelogin anaanzia session 1 kwenda juu, hizo ni sehemu mbili zilizotengwa na dirisha la huku halionekani kule. Enzi za XP mtu wa kwanza kulogin alikuwa session moja na sevisi, ndo maana bado utakutana na ushauri wa zamani wa kuweka tiki kwenye kile kiboksi cha kuruhusu sevisi iongee na desktopu. Kiboksi bado kipo lakini usikitegemee, hakitakuletea dirisha kwenye skrini yako.

Na hapa ndo panapoumiza kichwa. Programu inaanza vizuri, ukifungua Task Manager unaiona ipo, memori inatumia, lakini kazi haifanyiki na hakuna eror. Mara nyingi ni kwamba imetoa kidirisha kidogo kinauliza kuna toleo jipya, uapdeti sasa au baadaye, au leseni inakaribia kuisha, na kidirisha hicho kipo session 0 kinasubiri mtu abonyeze OK na hakuna mtu anayeweza kukifikia. Programu ninayoitunza mimi inachukua mafaili kwenye folda, inayageuza PDF na kuyapeleka seva, na hali hiyo naijua, foleni inajaa kimyakimya huku kila kitu kinaonekana kizima. Kwa hiyo ifungue kwa mkono kwanza, pita kwenye settingi zote, zima kila kinachouliza swali, zima apdeti za yenyewe, zima ujumbe wa kukaribisha, zima "je una uhakika unataka kufunga". Fanya hivyo hata kama unaona inakuchelewesha.

Sasa akaunti. Usipochagua, sevisi inakimbia kwa LocalSystem, na hiyo ni akaunti yenye nguvu mno kuliko programu ya kawaida inavyohitaji, mimi siipendi kwa sababu hiyo peke yake. Lakini pia profaili yake iko C:\Windows\System32\config\systemprofile, siyo kwako, maana yake settingi ulizozihangaikia jana ziko AppData yako (folda ya settingi za kila mtumiaji) na sevisi haizioni, inaamka kama imeinstoliwa leo, leseni hakuna, folda ulizochagua hakuna. Diski ya mtandao uliyoipa herufi Z nayo hiyohiyo, herufi ile ni ya login yako, sevisi haiijui, andika njia kamili kama \\seva\folda.

Ninachofanya mimi ni kutengeneza akaunti maalum kwa hiyo programu, naipa ruhusa ya folda zake tu, nalogin nayo mara moja, nafungua programu, naweka settingi zote nikiwa ndani ya hiyo akaunti, najaribu kazi moja mpaka iishe, nalogaut, ndo natengeneza sevisi iliyowekwa ikimbie kwa jina hilo. Akaunti lazima iwe na ruhusa ya kulogin kama sevisi, ukiiweka kupitia dirisha la Services lenyewe huwa linaongeza hiyo ruhusa. Na andika mahali kwamba nenosiri lake likibadilishwa ni lazima libadilishwe na kwenye sevisi pia, la sivyo siku ya kuwasha utapata eror 1069 na kila mtu atadhani programu imeharibika.

Komandi yenyewe basi. sc.exe create itaisajili programu yoyote utakayoipa, halafu ukiiwasha inasubiri kama sekunde 30 na kukupa eror 1053, kwa sababu programu ya kawaida haijui kuongea na meneja wa sevisi wa Windows, hairudishi jibu la "nimeanza". Unahitaji kitu cha katikati kinachojibu kwa niaba yake, NSSM au WinSW zinafanya kazi hiyo. Mimi natumia NSSM, unaandika nssm install na jina, linafunguka dirisha unajaza njia ya programu na folda ya kuanzia. Folda ya kuanzia usiisahau, sevisi za Windows kwa kawaida zinaanzia System32 na programu inayotafuta faili lake kwa jina tupu haitalipata. Kwenye tabu ya I/O elekeza kinachoandikwa kiende kwenye faili la logi, bila hilo ikifa hutajua imekufa kwa nini.

Wengine wanapenda Task Scheduler na kwa programu ndogo inatosha kabisa, ila fungua settingi zake, kwa kawaida inakuja imewekwa isimamishe kazi ikizidi siku 3, na isiwashe kama laptopu iko kwenye betri. Hiyo ya siku 3 imesumbua watu wengi, programu inakufa katikati ya wiki na mtu anatafuta tatizo kwenye programu wakati ratiba ndo imeiua.

Linux ni rahisi zaidi kwangu. Huko sevisi zinasimamiwa na systemd, unaandika faili lake kwenye ~/.config/systemd/user/, njia kamili kwenye ExecStart, Restart=on-failure, halafu systemctl --user enable --now. Usiporun loginctl enable-linger programu haitaanza mpaka ulogin na ukilogaut inaondoka, watu wengi wanakwama hapo tu. Weka na RestartSec ya sekunde 10 hivi, maana kwa kawaida systemd ikiona programu imeanguka mara 5 ndani ya sekunde 10 inaacha kuiinua. Programu inayong'ang'ania skrini unaweza kuipa skrini ya bandia kwa xvfb-run na nyingi zinakubali. Kwa Mac kinachosimamia sevisi ni launchd, na huko kumbuka LaunchAgents zinakimbia mtu akilogin, LaunchDaemons zinaanza na mashine na hazina skrini.

Kujaribu sasa, na hapa usiwe na haraka. Restati mashine halafu usilogin, nenda mashine nyingine uangalie kama kazi inafanyika, siyo kama sevisi imeandikwa "running", angalia kazi yenyewe, faili limetoka au halijatoka. Kisha iue kwa makusudi uone kama inarudi. Kisha isimamishe taratibu ikiwa katikati ya kazi, kama inaandika kwenye databesi unataka kujua inapata muda wa kufunga vizuri au inakatwa, systemd kwa kawaida inaipa sekunde 90 kabla ya kuiua kwa nguvu na NSSM muda wake unaupanga mwenyewe kwenye tabu ya Shutdown, uongeze muda huo kama kazi zako ni ndefu.

Na kwa kuwa umezima apdeti za yenyewe, sasa ni jukumu lako. Panga siku, simamisha sevisi, login kwa ile akaunti yake, apdeti, ifungue kwa mkono uone toleo jipya halijaleta kidirisha kipya cha kuuliza kitu, ifunge, ndo uwashe sevisi tena.