Mkono wa mama unatetemeka akishika kikombe: usinunue hivyo vidonge

Mkuu, hivyo vidonge vya Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mwili) alivyokutajia jirani usivinunue. Umeandika mwenyewe kwamba mama akikaa mkono umetulia, akinyanyua kikombe ndipo chai inamwagika. Mtetemo wa Parkinson kwa kawaida ni kinyume: mkono hutetemeka ukiwa umelala mapajani, ukifanya kazi hupungua.

Baba yangu ni fundi cherehani. Alipoanza kushindwa kutunga uzi kwenye sindano, muuzaji wa duka la dawa alimtupia jicho tu, akasema "mzee hiyo Parkinson," akatuuzia levodopa, vidonge vya Parkinson. Koti jeupe lile, nani angebisha? Mzee akameza kwa miezi. Mtetemo haukupungua hata chembe. Kilichokuja ni kichefuchefu, na kizunguzungu kila akisimama, hadi akaanguka bafuni akavunjika kifundo cha mkono, ule ule wa kushikia mkasi. Cherehani moja iliuzwa kulipia matibabu. Na yule bwana hakuwahi hata kumwambia anyooshe mikono amwone! Mpaka leo nikipita pale damu inanichemka.

Daktari wa mishipa ya fahamu alianza na vitu visivyo na gharama. Weka mikono mapajani. Inyooshe mbele. Gusa pua yako, kisha kidole changu. Mimina maji kutoka kikombe hiki kwenda kile. Mapajani, kimya; ikinyooshwa, inacheza. Akauliza habari za ukoo. Babu naye alikuwa hivyo hivyo, na mtaani walimsingizia pombe maisha yake yote. Kumbe ni aina ya mtetemo ambao mara nyingi hurithiwa, na levodopa haiutibu.

Kwa hiyo kwanza ijulikane mkono unatetemeka WAKATI GANI, dawa baadaye. Ukiona unazidi kadiri kidole kinavyokaribia pua, na mama anayumba akitembea, shida inaweza kuwa kwenye ubongo wa kisogoni. Na kama hayo yameanza ghafla, ni hospitali leo hii.

Humu watakutajia propranololi, dawa ya kupunguza mtetemo wa aina hii. Baba anaitumia na inamsaidia, lakini kwa mwenye pumu ni hatari, na aliyeizoea haachi ghafla. Iandikwe na daktari.

Mrekodi mama kwa simu akiwa ametulia, akinyoosha mikono na akinywa maji. Beba na dawa zote anazotumia, hata ya pumu, maana salbutamoli nayo hutetemesha mikono. Hakikisha wanampima na tezi ya shingo, maana nayo ikizidisha kazi hutetemesha mikono.