Wengi wape? Maswali yenu kuhusu falsafa ya manufaa

Swali: Mhariri, nilifundishwa kwamba kwa falsafa ya manufaa, jambo jema ni lile lenye faida kwa walio wengi. Basi watu tisa wakikubaliana kumnyang'anya wa kumi mali yake, wametenda jema?

Jibu: Hapana. Hayo ni mambo ya "wengi wape", na wengi wape ni habari ya kura. Kura huhesabu vichwa. Falsafa ya manufaa hupima raha na maumivu ya kila mmoja, kisha ndipo hujumlisha. Tuseme kila mmoja wa wale tisa anapata raha ya kadiri ya 1, na aliyenyang'anywa anaumia kwa kadiri ya 20. Tisa ukitoa ishirini unabaki na hasi 11. Kitendo ni kibaya, hata kama kimepita kwa kura tisa dhidi ya moja.

Jeremy Bentham, Mwingereza aliyeiwekea nadharia hii msingi katika kitabu chake cha 1789, alitaja vipimo saba vya raha au maumivu: ukali, muda, uhakika wa kutokea, ukaribu, uwezo wa kuzaa nyingine za aina yake, usafi (yaani kutochanganyika na kinyume chake), na idadi ya watu itakaowafikia. Idadi ni kipimo kimoja kati ya saba. Wanaoishambulia nadharia hukumbuka hicho tu, na wanaoitetea, kusema kweli, mara nyingi nao vivyo hivyo.

Lakini usishangilie mapema. Shusha ile 20 iwe 8, na hesabu inageuka: 9 toa 8, chanya 1. Hilo tutalirudia chini.

Swali: Tramu (gari la reli la mjini) isiyo na breki inaelekea kuwaua watu watano. Niko tayari kuvuta wenzo ili ihamie njia ya pembeni, alipo mtu mmoja. Lakini kumsukuma mtu mnene kutoka darajani ili mwili wake uizuie, siwezi. Hesabu ni ileile. Je, nimechanganyikiwa?

Jibu: Hujachanganyikiwa. Mfano wa tramu ulitolewa na mwanafalsafa Philippa Foot mwaka 1967, na kwake mwenye kuamua alikuwa dereva. Mwanafalsafa mwenzake, Judith Jarvis Thomson, ndiye aliyemleta mtu wa darajani, mwaka 1976, na tangu hapo wanafalsafa wanagombania tofauti uliyoihisi.

Jaribio moja husaidia. Mwondoe yule mmoja, kisha uliza kama mpango wako bado unafanya kazi. Kwenye njia ya pembeni, asipokuwepo, watano wanapona vilevile, na afadhali zaidi. Darajani, asipokuwepo huna mpango. Kule kifo chake ni matokeo yasiyotakiwa, huku mwili wake ndio chombo chenyewe.

Mfuasi wa Bentham anayepima kila tendo peke yake atasema tofauti hiyo haina uzito: watano ni watano. Ila aongeze jambo moja, nasi tunaliona lina nguvu. Mfano unakulazimisha uamini kwamba mwili wa mtu hakika utaisimamisha tramu. Katika maisha, anayesukuma huwa na uhakika wa kifo kimoja na matumaini tu ya kuokoa watano. Dhamiri inayokuzuia imezoea dunia hiyo, si dunia ya mfano.

Swali: Nipeni njia ya kuitumia nadharia hii kwenye uamuzi wa kweli, si wa kubuni.

Jibu: Andika njia zote ulizo nazo, pamoja na kutofanya lolote na kusubiri. Kwa kila njia, orodhesha watakaoguswa, hasa wasiokuwepo kikaoni. Kadiria ukubwa wa faida au hasara kwa kila mmoja, uzidishe kwa uwezekano wa kutokea, kisha ujumlishe.

Chukua boti moja ya uokoaji na makundi mawili yaliyozingirwa na mafuriko, pande mbili tofauti. Kundi la kwanza lina watu 10, na uwezekano wa kuwafikia kwa wakati ni asilimia 40. La pili lina watu 5, uwezekano asilimia 90. La kwanza linatoa 10 × 0.4, yaani watu 4. La pili, 5 × 0.9, yaani 4.5. Boti iende kwa watano.

Wengi huishia hapo, na ndipo wanapokosea. Badili ile 40 iwe 50: kundi la kwanza linapata 5 na kushinda. Mpaka uko kwenye asilimia 45. Kama makisio yako yanaweza kukosea kwa pointi tano, hesabu haijaamua kitu. Imekuonyesha tu wapi pa kuuliza: kasi ya maji upande wa lile kundi kubwa. Kisha uliza kama boti inaweza kurudi safari ya pili, maana "mmoja au mwingine" mara nyingi ni uvivu wa kufikiri.

Makosa mengine ya kila siku: kuihesabu faida moja mara mbili kwa majina mawili, kusahau kwamba uamuzi wa leo utakuwa desturi ya kesho, na kumpa ndugu yako uzito wa watu watatu.

Swali: Daktari ana wagonjwa watano wanaohitaji viungo, na mtu mmoja mzima amekuja kupimwa. Kwa nini asimchinje?

Jibu: Jibu la kawaida ni kwamba hospitali za namna hiyo zingekimbiwa na wote, na vifo vingezidi. Wanaopima kanuni badala ya tendo mojamoja husema: fuata kanuni ambayo ikishikwa na watu wote huleta manufaa makubwa zaidi, na kanuni ya kuchinja wageni si hiyo. Sawa, lakini kama hakuna atakayejua kamwe? Anayepima tendo mojamoja hapo anabanwa.

Na hapa ndipo ile 8 ya aliyenyang'anywa mali inarudi. Mwanafalsafa John Rawls aliandika mwaka 1971 kwamba nadharia hii haizingatii kuwa watu ni watu tofauti. Hasara yangu hailipwi na raha yako, kwa sababu aliyeumia na aliyefurahi si mmoja. Kwetu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi yake, na kuongeza vipimo hakuimalizi.

Sheria ya Uingereza ilikutana na jambo hilo mwaka 1884. Mabaharia wenye njaa, wakielea ndani ya mashua baada ya chombo chao Mignonette kuzama, walimuua kijana wa kazi wakamla, na waliobaki wakaokolewa. Mahakama ilikataa hoja ya dharura, ikawatia wawili kati yao, Dudley na Stephens, hatiani kwa mauaji. Adhabu ya kifo ikapunguzwa kuwa kifungo cha miezi sita.

Swali: Wanyama wanaingia kwenye hesabu?

Jibu: Wanaingia. Kwa Bentham swali si kama wanafikiri au wanasema, bali kama wanaweza kuumia. Hakukataza kula nyama, kwa hoja kwamba kifo cha haraka mkononi mwa mtu kwa kawaida huwa na maumivu machache kuliko kile cha porini. Kuwatesa ndiko alikosema haoni sababu yoyote ya kukuruhusu.