Mchoraji wa Mtwara aanzie maonyesho yake Mtwara

Ndugu uliyeuliza kama mchoraji anayeishi Mtwara anaweza kuandaa maonyesho ya kazi zake peke yake hapa hapa, au ni heri asubiri mpaka apate ukumbi Dar es Salaam, mimi nimewahi kuratibu maonyesho ya namna hiyo Mikindani, mji mkongwe wa pwani jirani na Mtwara mjini, katika nyumba ya kizamani ya mawe, na ushauri wangu ni kwamba aanzie hapa.

Kazi iliyotuchosha kuliko zote ilikuwa kuchagua. Mchoraji niliyeshirikiana naye alikuwa na picha za kila aina: majahazi wakati wa machweo, tembo na twiga aliowachora kwa ajili ya wageni, sura za wazee, na picha za akina mama wanaobangua korosho barazani. Alitamani kuzitundika zote, kwa kuwa aliona kwamba ukuta uliojaa ndio utakaoonyesha bidii yake. Nilimwomba abaki na zile za korosho tu na azihifadhi nyingine zote, ingawa picha za majahazi ndizo zilizokuwa zikimpatia riziki. Katika maonyesho ya pamoja picha moja nzuri inatosha kumtambulisha mtu. Katika maonyesho ya mtu mmoja kila picha huipima iliyo jirani yake, na mtazamaji anatakiwa atoke akiwa amefahamu mchoraji huyu anatazama nini na anakitazamaje. Picha ya twiga iliyo katikati ya mikono ya wabanguaji ingeivunja habari hiyo, hata kama imechorwa kwa ustadi.

Sababu yangu kubwa ya kutetea nyumbani niliiona ukumbini. Tuliwaalika wabanguaji wenyewe, na walikuja. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, ndiyo maana wanaobangua kwa mkono hujipaka majivu kabla ya kushika kazi, na mchoraji alikuwa ameyachora majivu hayo katika karibu kila picha. Mama mmoja aliitazama picha kubwa kwa muda mrefu, kisha akamwambia, “Mwanangu, umeyaweka majivu viganjani tu, mafuta yanaruka mpaka huku,” akamwonyesha mgongo wa mkono wake, mahali penye makovu. Walikaa wakazungumza, na baada ya hapo mchoraji alichora mikono mingine ambayo, kwa maoni yangu, ni bora kuliko yote tuliyotundika. Dar es Salaam kuna wanunuzi wengi zaidi, sibishi. Lakini mtu anayeijua mada ya picha kwa ngozi yake mwenyewe yuko huku, na mchoraji anayeanza anamhitaji huyo kama anavyomhitaji mnunuzi.

Kuna wanaosema kwamba watu wa kusini hawana mazoea ya kutazama picha. Dai hilo linanisikitisha, kwa sababu uchongaji wa Wamakonde na vinyago vyao vya kuvaliwa ngomani, mapiko, vimekuwapo hapa kabla ya ukumbi wowote wa sanaa kujengwa nchini. Aidha, anayesali katika Kanisa la Mtakatifu Paulo pale Majengo amezungukwa na michoro mikubwa ya habari za Biblia, iliyochorwa miaka ya 1970 na padri Mjerumani, Polycarp Uehlein. George Lilanga, mmoja wa wasanii wa Tanzania waliojulikana zaidi duniani, alizaliwa Masasi mwaka 1934. Alipata jina kupitia Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, na kazi zake zikafika Ulaya, Marekani na Japani. Macho ya kutazama yapo. Kinachokosekana ni kumbi, na pengo hilo linazibika kwa nyumba ya kupanga, ukumbi wa shule wakati wa likizo, au baraza pana.

Sasa nije kwenye ufundi. Kuta za nyumba za kale za Mikindani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukipigilia msumari plasta humeguka na jiwe hubomoka. Tuliziacha kuta zilivyo, tukaning'iniza picha kwa mishipi ya nailoni iliyofungwa kwenye boriti za dari, kila picha ikiwa na mishipi miwili ili isizunguke kwa upepo. Pimeni kimo kwa katikati ya picha, wala si kwa ukingo wake wa juu: sentimita 145 hadi 155 kutoka sakafuni humfaa mtu mzima aliyesimama. Jua la moja kwa moja lisiguse kazi, na taa zielekezwe kwa kuinama kidogo ili rangi ya mafuta isimulike machoni. Unyevu wa bahari hulegeza turubai, kwa hiyo fremu za ndani ziwe na kabari za kukazia kwenye pembe, na pini zinazoshika turubai ziwe za chuma kisichoshika kutu. Picha ya rangi ya mafuta iliyopakwa kwa unene isipakwe vanishi haraka; kwa kawaida husubiriwa miezi 6 hadi 12 ikauke. Mchoraji mwenye haraka na atumie rangi ya akriliki, inayokauka upesi.

Majira yana uzito wake. Mvua zetu huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili, na msimu wa minada ya korosho hufunguka kwenye Oktoba, hivyo mimi hupendelea Oktoba, wakati bado ni kiangazi na fedha imeanza kuzunguka, mradi mwezi wa Ramadhani usiwe umeangukia hapo. Maelezo ya picha yaandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, na bei iwekwe wazi.

Kwa masuala ya usajili na kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), aanze kumwona afisa utamaduni wa halmashauri mapema. Akumbuke pia kwamba kuuza picha hakumpi mnunuzi hakimiliki yake: haki ya kuinakili hubaki kwa mchoraji asipoihamisha kwa maandishi, kwa hiyo stakabadhi ya mauzo iliseme jambo hilo.

Dar es Salaam na aende baadaye. Apige picha za ukumbi mzima, si za kazi mojamoja tu, ahifadhi kitabu cha wageni pamoja na maoni yao, kisha apeleke maombi mahali kama Nafasi Art Space, kituo cha sanaa kilichoko Mikocheni. Huko atawasilisha maonyesho ambayo tayari yamesimama na kutazamwa na watu wanaoijua korosho.