Ukianza kupima magome, ishuku tanini kwanza

Mdogo wangu unayeingia maabara mwaka huu na magome ya miti ya huku Nyanda za Juu Kusini kupima kama yanaua bakteria, kabla ya kushika chupa ya ethanoli tuzungumze kuhusu tanini, kemikali ya mimea yenye ukakasi. Magome ya miti mingi yanayo. Miwati ya Njombe ilipandwa kwa ajili ya tanini hiyo, inayotumika viwandani kusindika ngozi.

Tanini hushika protini na kuigandisha. Ule ukakasi unaousikia mdomoni ukitafuna ndizi mbichi ndiyo kazi yake. Bakteria nao wana protini, na chakula unachowalisha kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria) kina protini. Ukitia ekstrakti (kile ulichokitoa kwenye gome kwa kiyeyushi kama ethanoli) yenye tanini nyingi kwenye kishimo cha agari, kesho yake unaweza kukuta duara safi la kupendeza lisilo na bakteria ukadhani umegundua antibiotiki. Subiri kwanza. Chukua ekstrakti kidogo, udondoshee feri kloraidi. Ikigeuka bluu au kijani inayokaribia weusi, kuna fenoli, kundi la kemikali ambamo tanini imo. Sehemu nyingine itie jelatini yenye chumvi. Ikifanya mashapo meupe, tanini ipo. Basi iondoe, kwa mfano kwa kupitisha ekstrakti kwenye poliamidi, plastiki inayonasa tanini, halafu rudia kipimo chote. Duara likibaki, hapo una jambo la kumpelekea msimamizi wako. Likipotea, andika kwamba limepotea, maana hayo nayo ni matokeo, na yatamwokolea muda atakayekuja nyuma yako.

Kila sahani iwe na kishimo cha kiyeyushi kitupu na kingine cha antibiotiki inayojulikana. Pia usilinganishe nguvu za dawa kwa ukubwa wa duara tu: molekuli ndogo husambaa haraka kwenye agari, kubwa hujikokota. Tafuta kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria kukua. Ekstrakti ghafi inayofanya kazi chini ya mikrogramu 100 kwa mililita inastahili kufuatiliwa. Ile inayohitaji miligramu 10 kwa mililita, mimi nisingeiita dawa ya bakteria.

Ukaushaji unadharauliwa sana. Mwezi wa sita na wa saba, Makete na Njombe kuna baridi na ukungu, na gome nene lililofungwa kwenye kiroba huota kuvu ndani ya siku chache. Kuvu hutengeneza kemikali zake, penisilini yenyewe ilitoka huko, kwa hiyo unaweza kupima kuvu ukidhani unapima mti. Kata vipande vyembamba, tandaza kivulini penye upepo, na usisage mpaka kipande kikikunjwa kinavunjika kwa mlio.

Muulize pia mganga anayetumia gome hilo anavyoiandaa dawa yake. Kama yeye huchemsha kwa maji na wewe umetumia methanoli pekee, hujapima dawa yake. Pima zote mbili.

Msituni, usizungushe panga kuuzunguka mti, utaukausha. Banua kipande upande mmoja tu wa shina. Prunus africana, ambao gome lake husafirishwa nje kwa dawa ya tezi dume, umo tangu 1995 kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kwa sababu ya kubanuliwa kupita kiasi. Kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) kiwe mfukoni, na siku hiyo hiyo kata tawi lenye majani, na maua kama yapo, ulikandamize kwenye magazeti kwa ajili ya habariamu, hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Namba ya tawi ifanane na ya mfuko wa magome.