Maswali ya Wasomaji: Magari ya nchi nzima yanakula mafuta kiasi gani?

Swali: Wanaosema magari ya Marekani yanatumia mafuta kidogo kuliko zamani, wastani huo wanaupataje? Wanajumlisha kilomita kwa lita za kila gari, kisha wanagawanya? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Hapana, na hapo wengi hukosea. Chukua magari mawili: moja huenda kilomita 5 kwa lita, jingine 20. Ukijumlisha na kugawa kwa mbili unapata 12.5. Sasa kila moja liende kilomita 100. La kwanza litamaliza lita 20, la pili 5. Ni kilomita 200 kwa lita 25, yaani 8 tu kwa lita. Kwa hiyo geuza kwanza kila takwimu iwe lita kwa kilomita 100, zidisha kwa idadi ya magari ya aina hiyo, jumlisha, ndipo ugawe kwa jumla ya magari.

Pia tofautisha magari mapya na yale yaliyomo barabarani. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, lina mfululizo wa magari mapya kuanzia 1975, yalipokula takriban lita 18 kwa kilomita 100. Kufikia 1987 zilikuwa 10.7. Mwaka 2004 zilikuwa zimepanda hadi 12.2! Injini hazikuharibika, ziliendelea kuboreshwa, ila faida yote ikaishia kwenye nguvu na uzito, na wanunuzi wakahamia pikapu na magari makubwa ya familia, ambayo sheria ya matumizi ya mafuta iliyabana kidogo kuliko magari ya saluni. Wastani mmoja ungekuficha hayo, kwa hiyo tenga hesabu kwa aina ya gari. Mwaka 2023 zilikuwa 8.7.

Kwa magari yote yaliyomo barabarani, mafuta yaliyotumika hugawanywa kwa kilomita zilizosafiriwa. Wastani huo husogea polepole, maana gari kuukuu haliondoki kwa sababu jipya limeingia.

Swali: Huku kwetu hatuwezi kutumia tu lita zinazouzwa vituoni? (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Zitakupotosha. Petroli hiyohiyo inaingia kwenye bodaboda, jenereta na boti. Dizeli inakwenda kwa malori na matrekta. Anza na daftari la usajili: chapa, modeli, mwaka wa kutengenezwa, ukubwa wa injini, gia na aina ya mafuta. Jina la modeli peke yake halitoshi, kwani gari la jina moja huja na injini tofauti. Kisha oanisha kila rekodi na kipimo cha maabara. Kipimo cha zamani cha Japani, JC08, hakilingani na WLTP ya Ulaya, hivyo badilisha vyote viwe vya mfumo mmoja kabla ya kukokotoa.

Kwa mitumba, panga kwa mwaka wa kusajiliwa nchini. Kenya hairuhusu kuingizwa nchini gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo linalosajiliwa leo laweza kuwa na teknolojia ya miaka saba iliyopita. Ukilipanga kwa mwaka wa kutengenezwa, utadhani nchi iliboreka kabla gari halijashuka bandarini Mombasa.