Daktari Anajibu: Mguu Usiofikiwa na Damu ya Kutosha

SWALI: Hujambo Daktari. Baba yangu ana umri wa miaka 68, ni mkulima wa mpunga hapa Ahero, na ameishi na kisukari kwa muda mrefu. Tangu mwaka jana amekuwa akilalamika kwamba shavu la mguu wa kushoto humbana anapotembea, nasi tukadhani ni uzee. Sasa kidole kidogo cha mguu huo kimekuwa cheusi, na usiku hawezi kulala kitandani; huketi kwenye kiti mguu ukining'inia, kwa maana ukiinuliwa maumivu huzidi. Hospitali moja ya Kisumu imetueleza kwamba mguu unapaswa kukatwa chini ya goti. Baba amekataa katakata na ndugu zake wanamuunga mkono. Nimesikia kwamba kuna upasuaji wa kuipitisha damu njia nyingine. Je, ni kweli, na unaweza kumfaa? (Kifungua mimba, Ahero)

JIBU: Ni kweli upo, na huenda ukamfaa, ila nyinyi nyumbani mnabishana juu ya kukata au kutokata kabla ya kupata jibu la swali linalotangulia: damu inafika wapi katika mguu huo, na imezuiliwa wapi?

Jambo la mzee kuketi usiku kucha mguu ukining'inia linaeleza mengi kuliko unavyodhani. Ateri, yaani mishipa inayopeleka damu kutoka moyoni, ikishakuwa nyembamba kwa sababu ya lehemu (mafuta yaitwayo kolesteroli) na chokaa zilizojijenga ndani yake, damu hushindwa kufika kwenye vidole mtu akilala, na mguu ukishushwa uzito wa damu wenyewe huisaidia kuteremka. Mwangalie vizuri: yaelekea wayo hupauka ukiinuliwa, kisha huwa mwekundu ukishushwa. Maumivu ya namna hiyo pamoja na kidole cheusi ni dalili kwamba mguu uko hatarini, na uamuzi wake ni wa siku chache, si wa baada ya mavuno.

Kipimo cha kwanza ni rahisi. Presha ya damu hupimwa kwenye kifundo cha mguu na kwenye mkono, kisha ya mguu hugawanywa kwa ya mkono. Jibu likiwa chini ya 0.9, kuna ateri iliyozibika kwa kiasi fulani. Likiwa chini ya 0.4, hali ni mbaya. Tahadhari moja inamhusu baba yako hasa: kwa wagonjwa wa kisukari ateri huweza kuwa ngumu kiasi kwamba mashine haiwezi kuzibana, na kipimo kikaonyesha presha nzuri, hata zaidi ya 1.4, ilhali damu haipiti. Kwa hiyo hupimwa presha ya kidole gumba cha mguu, na mishipa huchunguzwa kwa ultrasaundi ya Doppler, inayoonyesha jinsi damu inavyopita, au kwa skani ya CT baada ya kudungwa dawa inayoifanya ionekane. Dawa hiyo inaweza kuzielemea figo, basi hakikisheni damu yake imepimwa kuhusu figo kwanza, na mtaje dawa zote za kisukari anazomeza.

Picha ikishapatikana, kuna njia kuu mbili. Ya kwanza ni kupitisha waya na puto dogo kupitia ateri ya kinenani, puto likajazwa mahali palipobana ili kupapanua, na pengine kikaachwa hapo kijibomba cha chuma kinachoitwa stenti. Mgonjwa hahitaji nusu kaputi, na hilo ni afueni kwa mzee ambaye moyo wake huenda nao una ateri zilizobana. Aliyeianzisha njia ya kupanua ateri kwa kupitia tundu dogo la ngozi ni daktari Charles Dotter, huko Portland, Marekani, Januari 1964. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mwanamke wa miaka 82 mwenye vidole vilivyooza, aliyekuwa amekataa kukatwa mguu kama anavyokataa baba yako, naye aliendelea kutembea kwa miguu yake miwili hadi alipofariki. Siandiki hayo ili mzee apate hoja ya kukataa kila kitu. Mwanamke huyo alikataa kukatwa, lakini hakukataa matibabu.

Njia ya pili ni hiyo uliyoisikia, ambayo madaktari huiita baipasi. Mkulima wa Ahero ataielewa upesi: mfereji ukizibika katikati, unachimbwa mwingine wa kuuzunguka, ila lazima kuwe na maji ya kutosha juu ya kizuizi na shamba la kuyapokea chini yake. Daktari huchukua vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, ile ndefu iliyo chini ya ngozi upande wa ndani wa mguu wa mgonjwa mwenyewe, akaishona juu ya mahali palipozibika na chini yake. Kwa kuwa vena ina vali, yaani vijilango vinavyoruhusu damu kwenda upande mmoja tu, huigeuza juu chini, au huzikata vali hizo. Daktari Jean Kunlin aliifanya kazi hii Paris mwaka 1948, na hadi leo vena ya mgonjwa hudumu kuliko mrija wa kutengenezwa, hasa pale damu inapopelekwa chini ya goti.

Kuna watu ambao baipasi haiwafai: asiye na ateri hata moja iliyo wazi chini ya kizuizi, asiye na vena nzuri, au ambaye moyo wake hauwezi kustahimili upasuaji wa saa kadhaa. Baada ya upasuaji mguu huweza kuvimba kwa wiki nyingi, kidonda cha kinenani huweza kuingia vijidudu, na vena iliyoshonwa huweza kuziba, ndiyo maana mgonjwa hurudi kupimwa kwa Doppler na humeza aspirini na dawa ya lehemu maisha yake yote.

Kidole chenyewe huenda kikakatwa hata hivyo. Tofauti ni kwamba kikikatwa baada ya damu kurudishwa, jeraha litapona. Kikikatwa kabla, mara nyingi jeraha nalo huwa jeusi, na mnarudi kukata juu zaidi. Kwa upande mwingine, ikiwa usaha umepanda, au wayo mzima umekufa, au mzee ana homa na amechanganyikiwa, kukatwa mguu mapema ndiko kutakakomwokoa, na daktari anayependekeza hivyo hana ukatili wowote. Mguu ukikatwa chini ya goti, kutembea kwa mguu bandia ni rahisi zaidi kuliko ukikatwa juu yake, na kuchelewa ndiko huipoteza nafasi hiyo.

Rudini hospitalini, muulize kwa heshima: Je, presha ya mguu ilipimwa? Mishipa imepigwa picha? Daktari bingwa wa upasuaji wa mishipa ya damu ameiona? Mabingwa hao ni wachache nchini na wengi wao wako Nairobi, kwa hiyo ombeni barua ya rufaa siku hiyo hiyo, na muulize ofisi ya SHA (bima ya afya ya serikali) ya hospitali ni kiasi gani kitalipwa kabla hamjaanza harambee. Mpaka hapo, mguu usilowekwe katika maji moto wala kuchuliwa, na kidole kisikatwe na mtu nyumbani.

SWALI: Mume wangu ana miaka 57 na huvuta sigara. Akitembea kutoka Kaptembwo kwenda mjini, mguu wa kulia humuuma mpaka asimame, kisha maumivu hutoweka. Hana kidonda. Tumeambiwa kuna upasuaji, na anataka kuuza ploti. (Mama wa Nakuru)

JIBU: Msiuze ploti. Maumivu yanayokuja kwa kutembea na kuondoka kwa kupumzika, bila kidonda na bila maumivu ya usiku, ni hatua ya mapema ya ugonjwa huo huo, na wengi walio katika hatua hiyo hawapotezi mguu. Aache sigara kabisa, apimwe sukari na presha, apewe dawa ya lehemu na aspirini na daktari wake, kisha atembee mara tatu kwa wiki, dakika 30 hadi 45, akisimama maumivu yanapozidi na kuendelea yanapotulia. Baada ya miezi mitatu ya kufanya hivyo kwa bidii, wengi huongeza mwendo wao waziwazi. Upasuaji utafikiriwa ikiwa hata baada ya hapo hawezi kufanya kazi yake. Akifanyiwa sasa huku akiendelea kuvuta, uwezekano wa mshipa mpya kuziba ni mkubwa zaidi, na ploti itakuwa imekwenda.

SWALI: Mguu wa shangazi yangu ulipoa na kufa ganzi ghafla usiku. Jirani akamchua kwa mafuta. Tulimpeleka hospitalini siku ya pili, na ukakatwa. Ilikuwa lazima? Moyo wake hudunda ovyo. (Butere)

JIBU: Pole sana kwa yaliyowapata. Moyo unaodunda bila mpangilio huweza kutengeneza bonge la damu ambalo husafiri na kuziba ateri ya mguu ghafla. Tangu miaka ya 1960 kuna mrija mwembamba wenye puto, uliobuniwa na Thomas Fogarty wa Marekani, ambao huingizwa kinenani na kulivuta bonge hilo nje. Lakini misuli na neva zilizokosa damu kabisa huanza kufa baada ya muda wa saa sita hivi, na damu ikirudishwa kwenye mguu uliokwisha kufa, sumu zake huweza kuua figo na moyo. Kwa muda mliofika, yaelekea daktari hakuwa na chaguo jingine. Kuchua hakukusaidia, ila muda ndio uliodhuru zaidi.

Sasa hakikisheni moyo wake umepimwa kwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na ultrasaundi, na kwamba anapata dawa ya kuzuia damu kuganda. Akipewa warfarini, ni lazima damu yake ipimwe mara kwa mara, kwa kuwa kipimo cha dawa hiyo kikipungua bonge jingine huweza kwenda kwenye mguu uliobaki au kwenye ubongo, na kikizidi atavuja damu.