Moduli ipo, seva haiioni: kwa mnaoanza kazi ya DNS hapa Tanga

Skripti ya Lua (lugha ya programu) inakubali vizuri ukiiendesha mwenyewe kwenye terminali, lakini PowerDNS Recursor, seva inayowatafutia watumiaji majibu ya DNS, ikiisoma inakataa: `module 'cjson' not found`. Wengi wanaoanza hukimbilia kusakinisha kifurushi kilekile mara ya pili, mara ya tatu. Acheni hilo. Mara nyingi moduli ipo. Seva haiioni kwa sababu inatumia Lua tofauti na yako, jina jingine la mtumiaji, na njia nyingine za kutafutia mafaili.

Soma kosa lote kwanza, si mstari wa juu tu: `journalctl -u pdns-recursor -n 50`. Chini yake kuna mistari ya `no file`, mmoja kwa kila mahali Lua ilipopapasa ikakosa. Tazama namba iliyomo, kwa mfano `/usr/share/lua/5.1/cjson.lua`. Namba hiyo ni toleo la Lua. Recursor kwa kawaida imeunganishwa na LuaJIT, aina ya Lua yenye kasi inayofuata Lua 5.1, ilhali `lua` unayoichapa wewe huenda ni 5.3 au 5.4. Thibitisha:

`ldd /usr/sbin/pdns_recursor | grep -i lua`

Ukiona `libluajit-5.1.so.2`, sakinisha kwa toleo hilo: `apt install lua-cjson` kwenye Debian, au kwa luarocks, kisakinishi cha moduli za Lua: `luarocks --lua-version=5.1 install lua-cjson`. Tafadhali usihamishe faili la `.so` (moduli iliyojengwa kwa C) kutoka folda ya 5.4 kwenda ya 5.1. Utapata kosa kama `undefined symbol: lua_newuserdatauv`, kwa kuwa LuaJIT haina kabisa kitu hicho. Moduli iliyoandikwa kwa C lazima ijengwe upya.

Namba zikilingana na bado inakataa, angalia imewekwa wapi. `luarocks --local` huiweka ndani ya `/home` yako, na huduma ya Recursor huendeshwa na systemd (msimamizi wa huduma za Linux) ikiwa na `ProtectHome=true`. Kwa huduma hiyo, `/home` ni kama haipo. Hata ukitoa ruhusa ya 777 hutasaidia kitu, utalegeza ulinzi bure. `LUA_PATH` (njia za kutafutia moduli) uliyoandika kwenye `.bashrc` nayo haifiki huko. Weka moduli zako `/etc/powerdns/lua`, kisha juu kabisa ya skripti andika:

`package.path = "/etc/powerdns/lua/?.lua;" .. package.path`

Za C zinatumia `package.cpath`, tena kwa `?.so`. Jaribu kwa `sudo -u pdns luajit -e 'package.cpath="/etc/powerdns/lua/?.so;"..package.cpath; require "cjson"'`. Jaribio hili linapima toleo, njia na ruhusa za mtumiaji tu. Ukuta wa systemd halifiki, kwa hiyo neno la mwisho ni la logi.

Moduli nazo zina moduli zake. Ukinakili `socket.lua` peke yake, kosa linahamia `socket.core`, ambayo ni faili la `.so`. Kosa likibadilika jina, umepiga hatua, endelea kusoma.

Sasa jambo linaloumiza watu zaidi. Ukitoa amri ya `rec_control reload-lua-script` na skripti ina kasoro, Recursor inajibu `Retaining current script` na kuendelea na ile ya zamani. Watu wa Ngamiani hadi Raskazone wanaendelea kufungua kurasa zao, nawe unadhani mambo shwari. Usiku umeme unakatika, betri inaisha, seva inawaka upya, na sasa haina skripti ya zamani ya kushikilia: inashindwa kupakia, inazima. Simu zinaanza kulia alfajiri. Kwa hiyo usiondoke kazini kabla hujasoma jibu la amri hiyo neno kwa neno. Vivyo hivyo baada ya `apt upgrade`: panga saa yenye watumiaji wachache, uiwashe upya huduma mwenyewe ukiwa macho.

Na ikizima, kumbuka kama `/etc/resolv.conf` ya seva (faili linalotaja DNS ya kuulizwa) inajielekeza yenyewe kwa 127.0.0.1, `apt` haitaweza kupata hata anwani ya kupakulia kifurushi. Weka kwa muda `nameserver 9.9.9.9` (DNS ya umma ya Quad9), sakinisha, washa huduma, hakikisha `dig @127.0.0.1 tz NS` inaleta majibu, ndipo urudishe mstari wa awali.